Bei ya Mbuzi na Mengineyo

Kanisani kwetu, ukinong'ona wakati wa mahubiri, aliyekunyamazisha hakuwa mchungaji. Alikuwa yeye. Alisimama mlangoni na glavu zake nyeupe na mshipi wa kijani wa usher uliopita begani, akakagua benchi baada ya benchi, na akikupata alikuja taratibu, akakuwekea kidole kimoja begani na kusema "shh". Basi. Hata wazee wa kanisa walikiogopa kidole hicho. Mimi niliwekewa nikiwa mwalimu mzima mwenye ndevu, nikimweleza jirani jinsi timu yangu ilivyoonewa na refa. Na mtu huyohuyo ndiye aliyelala seli siku mbili ili mtu mwingine aseme yake kwenye mtandao. Huyo mtu mwingine ni mimi. Nitafika huko, msinikimbize, si jambo ninalolionea fahari.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, waulize wengine. Nilipomjua alikuwa tayari ana duka, mume na maoni. Duka lilikuwa la dawa za mifugo, pale sokoni kwetu, ukishuka kusini kutoka Ikutha mpaka mahali ambapo mtu akikuuliza unataka soda baridi au ya moto hakutanii. Sote tulimwita Daktari wa Mbuzi. Mumewe pia alimwita Daktari. Hakuwa daktari. Kwa miaka mingi alikuwa amewabebea madaktari wa kweli sanduku la chanjo, na kwa maoni yake yeye ndiye aliyekuwa akitibu, wao walikuwa wakitia sahihi.

Mbuzi akiletwa, kitu cha kwanza alimvuta kope la chini aone rangi ya ndani. Nyekundu, peleka nyumbani. Nyeupe, ana minyoo. Tabia hiyo ikamhamia kwa watu. Ulikwenda kununua dawa ya kupe ukaondoka umevutwa kope na kuambiwa ule maini na mboga. Alikuvuta pia alipokushuku uongo, na sayansi yake siijui, ila watu walisema ukweli ili tu awaachilie jicho. Miwani yake ilishikwa na uzi wa kushonea vidonda vya ng'ombe.

Ukurasa wake wa mtandaoni ulianza kwa sababu ya madalali. Walikuwa wanawadanganya wafugaji bei, sasa yeye kila siku ya mnada akawa anaandika bei halisi kabla ya saa tatu asubuhi. Siku moja mtu akauliza chini ya bei: na barabara ya huku mtatuletea greda lini? Mwingine akauliza muuguzi wa zahanati alienda likizo gani isiyoisha. Daktari akabadilisha jina la ukurasa, ukaitwa Bei ya Mbuzi na Mengineyo. Baada ya miezi michache mengineyo yakawa mengi kuliko mbuzi.

Kampuni ya mtandao iliufunga mara ya kwanza kwa sababu ambayo ilimkalisha chini. Mimi ndiye niliyemsomea ujumbe, ulikuwa kwa Kiingereza. Ulisema ni marufuku kuuza wanyama.

"Mbuzi asiuzwe?" akaniuliza.

"Kwa mtandao, Daktari."

"Kwani hao huko wanakula nini?"

Akaufungua upya, na wachuuzi wakakubaliana mbuzi aitwe meza. Meza mbili nyeusi. Meza dume. Meza yenye mimba. Kampuni haikuona tatizo lolote na meza yenye mimba. Kuna bwana harusi mmoja kutoka Tawa aliyekuja na pikapu kuchukua meza sita za ukumbini, akakuta zinamwangalia. Alirudi nazo, na nasikia harusi ilifana.

Mara ya pili walisema amevunja sheria za jumuiya. Huko akakasirika kweli. Aliwaandikia barua ndefu kwa Kiswahili, kisha akaiandika tena kwa Kikamba, eti huenda wana kijana wetu huko ofisini. Jumuiya ipi, aliwauliza. Ilikaa lini, nani aliongoza kikao, na mbona wa Ikutha hatukualikwa. Jibu lilikuja baada ya dakika moja, kwamba wamelichunguza jambo lake kwa makini na uamuzi ni uleule. Akaniamuru nilichapishe, akalitundika dukani kando ya tarehe za kuogesha mifugo. "Dakika moja," aliwaonyesha wateja. "Mimi hata kuku simpimi kwa dakika moja."

Msidhani alikuwa anaachilia kila kitu. Ukitaka jambo liwekwe bila jina lako, ulimtumia yeye kwanza, kisha ukaitwa dukani na kuulizwa maswali matatu. Umeona mwenyewe au umesikia? Ilikuwa lini? Na huyo mtu akiingia hapa sasa hivi, mkutane uso kwa uso, utarudia? Ukijibu yote vizuri aliliweka hata kama linamuuma. Aliandika kila jina na kila jibu kwenye daftari gumu la buluu. Juu ya jalada aliandika MINYOO kwa kalamu nene, na hakuna mtu mwenye akili aliyelifungua.

Kuna jamaa alileta habari kwamba mfanyabiashara mmoja Mwislamu, anayeshusha mbuzi kwetu kutoka kaskazini, analeta mifugo wagonjwa. Umeona? Hapana, nimeambiwa. Basi aliyekuambia aje. Jamaa akamwita dikteta, akasema yeye hana tofauti na serikali. "Hilo umeliona mwenyewe," akamjibu, "kwa hiyo litawekwa." Na akaliweka, juu kabisa, likakaa wiki nzima. Hata yule aliyeandika kwamba Daktari ni mnene kuliko tangi la maji la shule hakufutwa. Alijibiwa tu kwamba tangi la shule limepasuka na yeye bado.

Nyumbani kwake ilikuwa habari nyingine. Mezani mumewe hakuwa na uhuru wa kujieleza hata kidogo. Ni mzee mpole, fundi wa cherehani, na akifungua mdomo alikuwa anamaliziwa sentensi. Mwishowe akamtumia mkewe ujumbe kwenye ukurasa, kwa utaratibu wote, akiomba jina lake lifichwe: Daktari wa Mbuzi anapika muthokoi bila chumvi na hataki kuambiwa. Daktari akamwita dukani kama mtu mwingine yeyote. Umeona au umesikia? Nimekula. Lini? Jana na juzi. Huyo mtu akiingia hapa utarudia? Mzee akamwangalia mkewe, akasema atarudia. Likawekwa. Soko lilicheka mpaka mnada ukachelewa, na watu walitaka sana kujua ni nani. Daktari hakumtaja. Mzee mwenyewe ndiye aliyejitangaza baadaye, kwa furaha, na mpaka leo muthokoi wa kwao una chumvi ya kutosha.

Sasa nifike kwangu.

Mheshimiwa wetu wa wadi wa wakati ule alituchimbia kisima. Siku ya ufunguzi alifungua bomba, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akaomba. Wiki iliyofuata hayakutoka hata tone, na baada ya mwezi pampu nayo haikuwepo. Mimi nilikuwa najua kitu ambacho wengine hawakujua. Jioni kabla ya ufunguzi, nikitoka shuleni, nililiona lori la maji likijaza tangi la kisima kwa nyuma. Maji tuliyokunywa yalikuja kwa barabara. Nikaandika hivyo, nikaomba jina langu lifichwe, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikaongeza mstari: waliotuchezea na kung'oa pampu waje hapa sokoni waape kithitu.

Kithitu, kwa asiyejua, ni kiapo chetu cha zamani sisi Wakamba. Anayeapa kwa uongo hufa, wakati mwingine na watu wa nyumba yake. Anayeapa kwa ukweli huenda zake kula. Kwa Daktari, mtu wa kanisa asubuhi na jioni, kitu hicho kilikuwa cha shetani mtupu. Aliniita dukani uso umekunjamana.

"Hili la kithitu ni ujinga na ni dhambi," akasema.

"Nilitoe?"

"Nimekuuliza hivyo? Uliliona lori mwenyewe?"

"Niliona."

"Lini?"

"Jioni kabla ya ufunguzi."

"Na mheshimiwa akiingia hapa utarudia?"

Nikasema nitarudia. Nilisema haraka, kwa maana mheshimiwa hakuwepo. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na siku ile hakunivuta kope.

Andiko likaenda mbali kuliko soko letu. Mheshimiwa akakimbilia polisi akasema ametishiwa maisha. Kampuni nayo ikalitoa, ikasema ni tishio la vurugu. Serikali na kampuni, ambao kwetu hawajawahi kukutana hata kwa kikombe cha chai, walikubaliana siku hiyohiyo.

Yaliyotokea kituoni nilisimuliwa na konstebo mmoja, kijana wetu wa huku, ambaye hadi leo akisimulia hujishika tumbo. Mpelelezi aliyetumwa hakuwa Mkamba. Alitaka jina la mwandishi na namba ya siri ya simu. Daktari akasema namba ameisahau, umri huo. Kisha akauliza nani ametishwa.

"Mheshimiwa," akasema mpelelezi.

"Ametishwa na nini?"

"Na hii kithitu."

Daktari akamgeukia konstebo. "Mwana wakwa, wewe umelelewa huku. Mwambie mkubwa wako kithitu humwua nani."

Konstebo akaangalia sakafu. "Humwua mwongo, afande."

"Mkweli je?"

"Mkweli haimfanyi kitu, afande."

"Basi," Daktari akamwambia mpelelezi, "mheshimiwa amekuja hapa kwa miguu yake, akaandikisha kwamba akiapa juu ya kile kisima atakufa. Hiyo taarifa mmeiweka vizuri? Msije mkaipoteza."

Halafu, kabla mtu hajajua la kufanya, akanyoosha mkono juu ya meza akamvuta mpelelezi kope. Akamwambia damu yake ni kidogo, ale maini. Walimweka ndani siku mbili, na konstebo anaamini ya pili ilikuwa ya lile kope. Walipekua duka lake. Daftari la MINYOO waliliinua, wakafuta vumbi chini yake, wakalirudisha.

Alitoka bila kushtakiwa, na lile faili lilipotelea mahali mafaili hupotelea. Mimi nilikuwa nimeponea, nikashukuru Mungu kwa sauti ya chini. Lakini hatukuwa tumemaliza, kwa kuwa kanisa nalo lina serikali yake.

Wazee wa kanisa walimsimamisha mbele Jumapili iliyofuata. Kosa lilikuwa kueneza ushirikina. Wakamwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba kama maneno yale si yake amtaje mwenyewe, wataelewa, mambo yaishe.

"Maneno si yangu," akasema. "Mnajua ninavyokichukia hicho kitu."

"Basi ni ya nani?"

"Si yangu."

Walimwuliza mara tatu. Niliketi benchi la sita. Mwezi ule nilikuwa nasubiri barua ya kuajiriwa na serikali, baada ya miaka ya kufundisha kwa mkataba wa kamati ya shule, na mheshimiwa alikuwa na marafiki kila ofisi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu, na bado naisikia ikisikika kama sababu. Daktari alivua mshipi wa kijani, akaukunja mara nne, akaweka glavu juu yake, akampa mzee wa kanisa. Kisha akapita kati ya mabenchi, akanipita, akaenda kukaa benchi la mwisho. Seli haikumtoa machozi, konstebo aliniambia. Siku ile nilimwona akijipangusa kwa leso. Mimi nikafungua kitabu cha nyimbo.

Benchi la mwisho alilikaa miaka. Hakunisema kwa mtu, hakunikumbusha, hakunipunguzia bei ya dawa wala kunipandishia. Kanisa likawa soko. Simu zililia katikati ya maombi, vijana walicheka, mzee mmoja aliuza kuku wake wakati wa sadaka. Ningegeuka kidogo ningemwona Daktari kule nyuma, mikono imekunjwa mapajani, kile kidole kikimcheza. Ukurasa aliendelea nao. Ulifungwa tena, akaufungua tena.

Barua yangu ya ualimu haikuja kamwe, ikiwa mlikuwa mnajiuliza. Nikaishia kuwa karani wa ofisi ya wadi, chini ya mheshimiwa mpya. Na mwaka huu, asubuhi moja, nikasoma kwenye Bei ya Mbuzi na Mengineyo: karani wa wadi anafungua ofisi saa nne, saa sita yuko shambani kwenye ndengu zake, fomu za basari ya karo za watoto wetu zitagongwa muhuri na nani? Hapakuwa na jina. Mkubwa wangu akapiga meza akasema nenda kwa huyo mama ulete jina. Sikusukumwa sana. Nililitaka mwenyewe, na nilikuwa nawashuku watu wanne.

Nilimkuta anampa mbuzi dawa kwa chupa. Amezeeka, uzi wa miwani amebadilisha ukawa wa buluu.

"Daktari, nimekuja kikazi."

"Saa tano hii? Nani yuko ofisini?"

Nikajifanya sijasikia. "Ofisi inataka jina la aliyeandika habari zangu."

"Ni uongo?"

"Unajua mwaka huu ndege wamezidi, ndengu zisipolindwa..."

"Sijauliza ndege."

"Si uongo," nikasema. "Lakini ni dharau."

Alimwachilia mbuzi, akanawa mikono, akavuta daftari la buluu kutoka chini ya kaunta akaliweka kati yetu.

"Majina yote yako humu," akasema. "Mimi kazi yangu naijua, siruki foleni. Nikianza kutaja nataja kutoka la zamani, nikishuka, mpaka nifike hili unalotaka. La kwanza ni mzee wangu na chumvi yake, hilo kila mtu analo. La pili ni lako. Nianze?"

Niliona aibu, na si ile ndogo ya kuinamisha kichwa. Nikakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Yeye akaja, akanivuta kope, akaangalia kwa muda mrefu.

"Damu unayo," akasema. "Nyingi tu. Sijui basi shida ni nini."

"Kwa nini hukunitaja, mama? Wangekurudishia mshipi."

"Ningekutaja wewe leo, kesho nani ataniletea kitu? Wangebaki kuniletea bei ya mbuzi." Akafungua daftari, akalielekeza kwangu. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake wa zamani, na maswali matatu chini yake. Umeona: ndiyo. Lini: jioni kabla ya ufunguzi. Utarudia: na hapo hakuwa ameandika ndiyo wala hapana. Alikuwa ameandika, tangu siku ileile, bado.

Niliondoka bila jina. Mkubwa wangu nilimwambia kwamba mwandishi ni mtu anayejua saa za ofisi, na kwamba kesho nitafungua saa mbili.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama. Yule mheshimiwa wa zamani alikuwa benchi la pili. Alishindwa uchaguzi lakini benchi lile hajawahi kushindwa. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Nikasema maneno ya kithitu yalikuwa yangu, si ya Daktari, na kwamba niliketi pale pale benchi la sita akivuliwa mshipi. Nikamtazama mheshimiwa nikarudia mbele yake: lori nililiona kwa macho yangu, jioni kabla ya ufunguzi, likijaza tangi kwa nyuma. Mheshimiwa akainama kutafuta kitu chini ya benchi. Wazee wa kanisa wakaanza kuchunguza mabati ya dari.

Ningekaa hapo. Lakini mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo akifunguka hajui pa kuishia. Nikaingia kwenye katiba. Nikaingia kwenye haki ya raia kusema, na makampuni ya mbali yanayotufunga midomo, na serikali inayofurahi yakitufunga, nikawa napunga mikono, nikakaribia kutaja Wafilisti, na hapo nikahisi kidole begani. Hakikuwa na glavu. Kilikuwa kinanuka dawa ya kupe.

"Shh," akasema. "Tumesikia."

Nikakaa. Yeye hakurudi benchi la mwisho. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama mahali pake bila mshipi, akaanza kukagua benchi baada ya benchi, na kanisa zima likanyamaza.